Mtu wa Kuandikiwa: Mtoto na Maandishi ya Nyumbani

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa wosia. Shaaban Robert naye, tangu mwaka 1931, alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Maandishi ya Kiswahili, basi, hayakukulia darasani tu. Yalikulia pia nyumbani, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuandikiwa.

Hoja hiyo yafaa kuzingatiwa Chitete, wilayani Momba, mkoani Songwe. Huko mtoto aweza kuzungumza Kinyamwanga au Kiwanda nyumbani, kisha akakutana na maandishi ya Kiswahili shuleni, ambako daftari hurudi na wino mwekundu. Si ajabu akidhani kuwa kuandika ni kukosea tu. Mzazi aweza kumwondolea dhana hiyo: amwombe amwandikie bibi yake barua, au aandike kisa alichosimuliwa na babu, kwa lugha anayoiweza. Kisha kisomwe kwa sauti, watu wacheke panapochekesha, na tahajia ingoje. Kusahihisha kuna siku yake. Lakini mtoto aliyekwisha kuichukia kalamu hana cha kusahihishwa.