Barabara ya Kando ya Mto Hulindwa Kuanzia Chini

Leo tunazungumzia barabara zinazopita kandokando ya mito.

Wakazi wa Kilosa, Tanzania, wanaujua vizuri Mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata Reli ya Kati, treni zikasimama. Iwe reli au barabara, mto huila kwa namna moja. Kwenye kona, maji hukimbia zaidi upande wa nje na kuchimba mguu wa ukingo, udongo wa juu ukabaki unaning'inia. Mafuriko yakipungua, ukingo huwa bado umelowa na mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameshaondoka. Hapo ndipo unapoporomoka na kipande cha barabara.

Kwa hiyo kinga huanzia chini. Mguu wa ukingo uwekewe mawe makubwa au gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, yakizamishwa hadi chini ya kitanda cha mto. Gabioni hupitisha maji, na tope linalonasa kati ya mawe huotesha mimea.

Juu ya mawe, panda majani ya vetiva. Mizizi yake hushuka wima mita 3 au zaidi na kuushika udongo. Aina inayopandwa haienei kwa mbegu, hivyo haitavamia shamba lako. Pasua shina, chukua vichipukizi viwili au vitatu, kata majani yabaki kama sentimita 20, kisha panda kwa mistari inayokingama mteremko, ukiacha sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Panda mvua zinapoanza, ziba mapengo, na zuia mifugo mpaka mizizi ishike. Vetiva hupenda jua, kwa hiyo usiipande chini ya kivuli cha mianzi.

Tusisahau maji ya barabara yenyewe. Mtaro unaomwaga maji ukingoni huchimba korongo kutoka juu. Uelekezwe penye mawe.

Tena tuuachie mto nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kulima hadi majini na kuchimba mchanga hubomoa kazi yote.

Viongozi wa vijiji, kaeni na wahandisi wa halmashauri kabla ya masika. Gabioni zinahitaji mtaalamu, lakini kitalu cha vetiva tunaweza kukianzisha wenyewe msimu huu.