Friji Ikikosa Upepo

Ndugu wa vikundi hapa Satellite, ninyi mnaouza maziwa mnajua hasara yake: mnaamka, maziwa yamechacha, na pesa za kikundi zimemwagwa. Juu kuna barafu, chini kuna joto? Kwa friji yenye feni ndani, mara nyingi shida ni hiyo feni. Fungueni mlango, bonyezeni swichi ya taa kwa kidole, msikilize. Kimya? Chomoeni plagi, volti 240 si mchezo. Acheni mlango wazi siku nzima barafu iyeyuke. Kisu msitumie jamani, kitatoboa bomba la gesi! Washeni tena. Feni ikizunguka, basi ilikabwa na barafu: kagueni mpira wa mlango. Ikinyamaza bado, mwiteni fundi apime mota ya feni kabla hajawauzia kompresa.