Mwamuzi Asiye na Meno: Nilichokisoma Kwenye Oslo

Nimepewa dakika tano, kwa hiyo sianzii enzi za Musa.

Kila vita vikipamba moto Gaza tunasikia Marekani imeita mazungumzo, Qatar inapatanisha, Misri imo. Tunashangilia au tunatukana, karatasi hatusomi. Mimi nasoma sheria, nikaamua kusoma moja: Azimio la Kanuni la 1993, hilo tunaloliita Oslo.

Norwei iliwakutanisha Waisraeli na PLO kwa siri tangu Januari mwaka ule. Nchi ndogo, pande zote zikaiamini. Safi. Septemba 13 likasainiwa Washington, Rabin na Arafat wakashikana mikono mbele ya Clinton. Picha mmeiona wote.

Sasa nenda kifungu cha 15. Mgogoro ukitokea, wazungumze kwenye kamati ya pamoja. Ikishindikana, usuluhishi, kwa utaratibu watakaokubaliana. Ikishindikana tena, waende kwa mwamuzi, lakini mpaka wote wawili wakubali. Jamani! Yaani anayeikalia ardhi akisema sitaki, kesi imeishia hapo. Na mambo mazito yenyewe, Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, mipaka, yaliwekwa kiporo. Kipindi cha mpito kilipangwa miaka 5. Walowezi hawakusubiri, waliendelea kuongezeka.

Norwei iliaminika ila haikuwa na ubavu. Mwenye ubavu ni Marekani, ambayo mwaka 2016 ilisaini kuipa Israel msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10. Aprili 18, 2024, Palestina ilipotaka uanachama kamili wa Umoja wa Mataifa, nchi 12 za Baraza la Usalama ziliunga mkono, Uingereza na Uswisi zikajizuia, Marekani peke yake ikapinga. Kura ya turufu, basi. Sisi wapinzani refa wa aina hiyo tunamjua, sihitaji kumalizia.

Kaka mmoja hapa kaniambia bila Marekani Israel haimsikilizi mtu. Kweli. Camp David 1978 Carter aliwabana Begin na Sadat, na Misri ikaja kurudishiwa Sinai. Ila Wapalestina hawakuwepo mezani.

Kwa hiyo sisemi Marekani itoke. Nasema makubaliano mengine yakija, msianze kuuliza nani kaitisha mkutano. Ulizeni: mmoja akiyavunja, anashtakiwa wapi, na nani atamlazimisha? Wakikujibu "watakubaliana wenyewe," mimi makofi yangu nabaki nayo.

Dakika zimeisha, naona mwenyekiti ananiangalia. Karibuni maswali.