Maji Tunayoyafukuza Baharini



Kila masika Ukunda, hapa Kwale, hulia vilio viwili: barabara imefurika, na mfereji hautoi maji. Tumezoea kupeleka kila kilio ofisi yake. Mimi nashikilia kwamba kilio ni kimoja.

Tuanze na ardhi. Kuanzia Tiwi hadi Msambweni tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu. Mvua hupenya upesi, ikajiunga na maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni yake inajulikana tangu mwisho wa karne ya 19: kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Kisima kikivutwa hadi maji yakashuka nusu mita tu, chumvi yaweza kupanda mita 20. Na huku tukivuta, juu tunasakafu nyua na kuchimba mitaro ya kuiharakisha mvua ifike baharini!

Sasa tutazame paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pwani hii hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nyumba ya mabati ya mita za mraba 50, hata tukitoa moja ya tano kwa yanayopotea, hupata lita 40,000. Shida ni kwamba mvua hiyo huja kwa fujo: milimita 25 za usiku mmoja zatosha kujaza tanki la lita 1,000, na yanayofuata humwagika ukutani. Kwa hiyo fundi asiishie kwenye tanki. Mlizamu uinamie upande mmoja, usishike majani ya mwembe na kinyesi cha kunguru. Maji ya kwanza yamwagwe. Tanki lifunikwe lisizae mbu. Na ya ziada yaongozwe kwenye shimo la kokoto, mbali na choo, kwa sababu matumbawe hayachuji uchafu.

Makuti, fahari ya hoteli zetu, ni kesi nyingine. Maji yake hutoka na rangi ya chai, hayafai kunywewa. Lakini bustani haichagui rangi.

Wenzetu wa Faza na Kizingitini, kule Lamu, walijenga majabia, sakafu pana za kukingia mvua na kuishusha birikani, kwa kuwa visima vyao ni vya chumvi. Sisi tulibahatika kuwa na maji matamu chini, tukalegea. Miaka ya 1980 Kwale ilikuwa uwanja wa kujaribia pampu za mkono, na pampu ya Afridev ilikomaa hapa. Tukajifunza kuteka, hatukujifunza kurudisha.

Viwanda vimeonyesha kwamba kuyazuia maji yasikimbilie baharini kunawezekana. Mgodi wa Base Titanium, uliofungwa Desemba 2024, uliziba mto Mukurumudzi kwa bwawa la mita za ujazo milioni 8.4 ili kuoshea mchanga wake. Kama mchanga ulistahili bwawa, mtu je?

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni dogo: jengo jipya la Diani lisipewe kibali mpaka mchoro wake uonyeshe maji ya paa yanakwenda wapi.