Stima ya Nyumbani na Mshahara Wetu
Hotuba kwa wanachama wa Meru na Embu



Tukidai nyongeza ya mshahara twakaa mezani miezi mingi. Lakini ziko fedha zinazotutoka mfukoni kila juma, na hapana apigaye kelele. Nataka kusema habari za stima.

Stima si mgeni kwetu. Kindaruma ilianza kuitoa mwaka 1968, kisha zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, zote katika Mto Tana, huko chini Mbeere. Maji ya Mlima Kenya yamo humo. Hata hivyo hatuuziwi kwa bei ya ujirani.

Basi sikilizeni jinsi bei inavyokwenda. Tangu Aprili 2023 nyumba zimegawanywa mafungu matatu. Atumiaye uniti 30 au chini yake kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Kutoka 31 mpaka 100, bei hupanda. Apitaye 100 hulipa kuliko wote. Hutazamwa wastani wa miezi mitatu.

Sasa, wengi wetu twakaa Majengo au Dallas kule Embu, au Makutano pale Meru, katika ploti za chumba kimoja kimoja. Vyumba kumi, mita moja! Kila chumba kikitumia uniti 12 tu, mita inasoma 120. Kila mpangaji peke yake angekuwa fungu la kwanza. Kwa pamoja wametupwa fungu la tatu. Mwenye globu moja na redio analipa kwa bei ya mwenye jumba la ghorofa. Na vile vimita vidogo anavyofunga mwenye ploti vyagawanya deni tu, havibadili fungu, kwa maana Kenya Power husoma mita yake yenyewe. Dawa ni kila chumba kiwe na mita yake iliyoandikishwa huko. Mwendeeni mwenye ploti wote pamoja, kwa sababu aendaye peke yake ndiye atakayeambiwa ahame. Atasema gharama ni nyingi. Mwulizeni ni nani azilipaye sasa.

Huku mkingoja, tazameni globu zenu. Ya kale ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula moja na theluthi hivi, na mwanga ni ule ule. Pasi ya wati 1,000 hula uniti nzima kwa saa moja. Pigeni nguo za juma zima kwa mara moja.

Na maharagwe, msicheke! Yalowekeni usiku kucha. Yakiisha kuchemka sana kwa nusu saa au zaidi, funikeni sufuria, mkaitie katika kapu lililojaa matambara mazito. Yatajiivia yenyewe, na makaa mtakuwa mmeyazima zamani.

Katibu wa tawi yuko tayari kuandika barua pamoja na wapangaji wa ploti yo yote. Njoni na karatasi za bili au tokeni za miezi mitatu.