Bei ya Sokoni na Mshahara wa Askari



Kila mwisho wa mwezi malalamiko ni yale yale. Mshahara umepokewa, kikapu kimepelekwa Kalerwe, Nakawa au Owino, nacho kimerudi na nusu tu ya vitu vilivyokusudiwa. Neno linalofuata ni hili: wachuuzi wametuzidi, heri serikali ipange bei, na sisi tupewe amri ya kuisimamia. Katika mazungumzo ya leo tunataka kulichunguza neno hilo. Linatokana na shida ya kweli, na kwa sababu hiyo linastahili kujibiwa kwa makini.

Tuanze na bei yenyewe. Bei si cheo ambacho mchuuzi amejipandisha mwenyewe. Bei ni habari. Inatueleza mambo mawili kwa pamoja: kwanza, vitu vilivyofika sokoni ni vingi kiasi gani, pili, wanaovitaka wako tayari kutoa kiasi gani ili wavipate. Wataalamu wa uchumi huyaita mambo hayo ugavi na mahitaji, lakini mama auzaye nyanya Nakasero anayafahamu bila kufundishwa na mtu.

Tuchukue mfano ulio karibu. Mwezi wa Mei 2023 Mto Katonga ulifurika na kuliharibu daraja la barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Masaka. Barabara ikafungwa, na magari yakaelekezwa kuzunguka kwa njia ndefu ya Mpigi na Sembabule. Lori la matoke linalozunguka hivyo linahitaji dizeli zaidi na saa nyingi zaidi, na mikungu mingine huiva kabla ya kufika. Mwenye lori hakuzidiwa na uchoyo kwa usiku mmoja. Kilichozidi ni maji ya mto. Mchuuzi anayetaja bei mpya asubuhi anatoa habari ya daraja lililovunjika. Yeye ni kama askari wa zamu anayepiga king'ora. Kukinyamazisha king'ora si kuuzima moto.

Habari hiyo ina kazi ya kufanya. Kwa mnunuzi inasema: wiki hii punguza matoke, kula posho, mihogo au viazi, na umwachie mkungu yule mwenye haja kubwa zaidi. Kwa mkulima wa Luwero au Mukono, ambaye shehena yake haipiti Katonga, inasema: leta mikungu yako Kampala sasa, maana utapata faida. Hakuna ofisa aliyemwandikia barua. Bei peke yake imemwita, naye akifika pamoja na wenzake, bei ile ile inaanza kushuka.

Sasa tuseme mkungu umefika shilingi 30,000, na mkubwa mmoja anaamuru uuzwe kwa 15,000. Saa ya kwanza ni shangwe. Lakini kama mikungu iliyopo ni 100 na wanaoitaka ni watu 200, ifikapo adhuhuri imekwisha. Walioipata ni waliowahi, au marafiki wa mwenye kuuza, au wale ambao hakuna awezaye kuwakatalia. Na mwenye lori, aliyetumia shilingi 25,000 kuufikisha kila mkungu mjini, kesho harudi. Amri imeshusha tarakimu iliyoandikwa ubaoni. Haikuongeza hata ndizi moja.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nchi yetu ililipia karo kubwa. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Maduka na viwanda vikagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua bidhaa iliyokwisha inaagizwa wapi. Ugavi ukapungua, bei zikapanda, na serikali ya wakati ule ikajibu kwa amri. Mwaka 1975 ziliundwa mahakama maalumu za makosa ya uchumi chini ya wanajeshi. Kuficha bidhaa, kuzidisha bei na kuvusha mali mpakani yakawa makosa ambayo mtu aliweza kuuawa kwayo. Je, sukari ilirudi dukani? Haikurudi. Ilihamia gizani, kwenye magendo, na juu ya bei ya uhaba ikaongezwa bei ya hatari.

Kahawa nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Lakini mkulima wa Uganda alilazimika kuiuzia Bodi ya Kahawa kwa bei ndogo iliyopangwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1976 na 1977 kahawa ikavuka usiku, kwa baiskeli, kwa punda na kwa malori, hadi Chepkube, soko dogo la mpakani upande wa Kenya. Vikosi vilitumwa kuizuia, nchi kavu na ziwani. Hapo ndipo ilipo hasara inayotuhusu sisi tunaovaa sare. Tofauti ya bei ilipokuwa kubwa kiasi kile, gunia moja liliweza kumpa mlinzi wa mpaka fedha nyingi kuliko mshahara wake. Baadhi walisimama imara. Wengine walifumba macho, na wengine wakawa wenyewe wenye magunia. Amri isiyotekelezeka ilimharibu yule aliyetumwa kuitekeleza, na raia akaanza kuiogopa sare iliyopaswa kumlinda.

Wala haya hayakutokea kwetu tu. Mwaka 1983 jirani zetu wa Tanzania waliendesha kampeni kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa, lakini maduka hayakujaa. Yalianza kujaa baada ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Uganda nayo ilihalalisha maduka ya kubadilishia fedha mwaka 1990, na mwaka 1991 ikaondoa ukiritimba wa Bodi ya Kahawa. Tangu hapo mkulima akaweza kuuza kahawa yake mchana, na safari ya usiku ikakosa faida.

Tugeukie mshahara. Mshahara ni bei ya kazi, nao hupimwa kwa vitu unavyonunua, si kwa wingi wa noti. Katika miaka ya 1980 watumishi wengi wa serikali walipokea mshahara usioweza kulisha nyumba hata kwa wiki mbili. Noti ziliongezeka, bidhaa hazikuongezeka, na mwaka 1987 bei zilipanda zaidi ya maradufu. Mwezi wa Mei mwaka huo fedha mpya ilitolewa, kila shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja. Hata hivyo, kufuta sifuri mbili hakukuongeza gunia la maharagwe. Nafuu ilikuja kwa njia ngumu zaidi: katika miaka ya 1990 idadi ya watumishi wa serikali, iliyokuwa kama 320,000, ilipunguzwa karibu kwa nusu, ili waliobaki walipwe vizuri zaidi. Nafuu ya waliobaki iligharimiwa na walioondoka, na si haki kulisahau hilo.

Hivyo ndivyo ilivyo kila mshahara unapojadiliwa. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi mshahara, na walimu wa masomo mengine wakagoma. Serikali iliona kwamba wanasayansi ni adimu; waliogoma waliona kwamba darasa ni moja na kazi ni moja. Kima cha chini cha mshahara nacho kilipangwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Wanaokitaka kima kipya husema kwamba mfanyakazi mnyonge hana nguvu ya kupatana na tajiri mmoja mwenye kazi zote. Wanaokipinga huhofia kwamba tajiri ataajiri watu wachache. Hoja zote mbili zina uzito, kwa maana kazi si mkungu wa matoke: mwenye kazi hiyo ana tumbo na watoto.

Basi, askari afanye nini? Kwanza, ahesabu mshahara wake kwa vitu, anunue nafaka wakati wa mavuno, na aweke akiba pamoja na wenzake, kama wafanyavyo wanachama wa Wazalendo jeshini na Exodus katika polisi. Pili, afahamu kwamba soko huru si soko lisilo na sheria. Mizani iliyochezewa, debe lililobonyezwa, dawa bandia, na wauzaji wanaopatana kwa siri kumnyonya mnunuzi, yote hayo ni makosa. Hapo mkono wa sheria unahitajika, kwa sababu hayo huifanya bei iseme uongo.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, aangalie kizuizi cha barabarani. Tuseme lori lenye mikungu 200 linatoka Isingiro, nalo linatozwa shilingi 5,000 zisizo na stakabadhi katika vizuizi vinane. Hizo ni shilingi 40,000. Mwenye lori hazilipi kutoka mfukoni mwake. Anazigawa juu ya mikungu, shilingi 200 kwa kila mmoja, naye mnunuzi ndiye azilipaye. Na mnunuzi huyo ni nani? Ni jamaa wa askari aliyeko zamu Nakawa, mwenye mshahara ule ule na kikapu kile kile. Anayepokea hongo Lyantonde amempunguzia mshahara mwenzake wa Kampala, bila kumjua.

Askari hawezi kuiamuru bei ishuke. Lakini anaweza kuifungua barabara, kuilinda mizani, na kuuzuia mkono wake. Akifanya hivyo, shehena hufika salama na kwa wingi, na bei hushuka yenyewe bila kuamriwa.