Nani Anachungulia Simu Yako?



Ndugu vijana wenzangu, na wazazi wetu mnaosoma pamoja nasi. Aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat imetukataza kupelelezana, hilo twalijua tangu madrasa. Sasa wewe unayepelelezwa je, mlango wako umeufunga?

Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kuwa Muslim Pro, ile programu ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, nayo X-Mode ikiwauzia wakandarasi wa jeshi. Muslim Pro wakasema wamevunja uhusiano huo. Lakini biashara yenyewe ipo, na kivinjari, yaani programu unayofungulia intaneti, ndicho kinachojua mengi zaidi: maradhi unayoyatafutia dawa, madeni, hata mambo ya ndoa unayoona haya kumuuliza sheikh.

Wengi husema, "Ah, mimi hufungua lile dirisha la faragha." Hilo lafuta historia kwenye simu yako tu, mamako asiione. Tovuti bado zakuona. Google walishtakiwa mwaka 2020 kwa sababu ya dirisha hilo la Chrome, na mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Basi tutumie nini? Firefox ya Mozilla msimbo wake uko wazi, yeyote aweza kuukagua. Lakini Februari 2025 Mozilla waliondoa ile ahadi yao ya kutouza kamwe taarifa za watu, na wengi wakakasirika, wakakimbilia vivinjari vilivyochipuka humo humo: LibreWolf, Waterfox, Mullvad. Hawa huuchukua msimbo wa Firefox, wakaondoa vinavyoripoti, wakakaza ulinzi.

Vina faida? Vina, kwa masharti. Chipukizi hula kwa mama. Tundu la usalama likizibwa kwenye Firefox, kiraka kile huwa hadharani, na wezi nao wakisoma. Chipukizi likichelewa wiki tatu kukiweka, wewe wakaa wiki tatu na tundu ambalo ramani yake imeshagawiwa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "chaficha vipi?", uliza toleo lake la mwisho lilitoka lini. Kisha uliza ni la nani. Waterfox ilinunuliwa na System1, kampuni ya matangazo, na habari ikajulikana Februari 2020. Ikarudi kujitegemea mwaka 2023. Jina lilikuwa lile lile, mwenyewe ndiye aliyebadilika.

Kwa simu zetu za Android, mimi nasema Firefox yenyewe yatosha: panda kwenye mipangilio, weka ulinzi wa kufuatiliwa kiwango cha juu, halafu ongeza uBlock Origin. Matangazo yakizuiwa, hata bando lakaa. LibreWolf haina ya simu, tumwachie mwenye kompyuta anayekumbuka kusasisha. Tor ni ya mwenye hatari ya kweli, manake ni nzito, utachoka. Mwenye iPhone asijisumbue kubadilisha badilisha: hapa kwetu vyote humo ndani vyaendeshwa na injini ya Safari.

Mama na baba nao wawekeeni, leo baada ya tarawehe. Ni dakika tano tu.

Wassalaam alaykum.